Aliyekaa Kiti cha Mbele

Kiti cha abiria kilikuwa kimesogezwa mbele.

Spana aliingia ndani ya jipu kuchukua miwani yake, magoti yakagonga dashibodi, akabaki hivyohivyo amejikunja. Kwa gari la mtu mwingine lisingekuwa jambo, maana viti vya magari ya watu husogea. Kiti cha Bikizee, kama walivyoliita jipu lao, hakikusogea. Reli yake ilishikwa na kutu tangu enzi ambazo jipu lile lilikuwa makazi ya kuku nyuma ya kiwanda cha mbao, na Spana mwenyewe, mwenye miguu mirefu aliyoirithi kwa baba yake, ndiye aliyesema kiachwe nyuma kabisa. Nani mwingine angekikalia? Kukisogeza kulitaka mafuta, nyundo na sababu.

Akapapasa chini. Reli ilikuwa na grisi mpya.

"Umeiona?" Seremala aliuliza kutoka kibarazani.

"Nimeiona," alijibu Spana, akaivaa miwani na kushuka.

Kazi yake Spana ilikuwa famasia. Jina lile alipewa na wenzao wa magari makongwe, watu wazima na akili zao wanaofunga safari siku za mapumziko kwenda kutafuta matope ambayo wengine huyakimbia. Walimbatiza hivyo kwa kuwa hakuna siku waliyomkuta mkono mtupu. Seremala naye alikuwa seremala kweli, mpole, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi, na ndiye aliyewafukuza wale kuku. Bikizee walilinunua kwa pamoja na kulifufua kwa pamoja. Breki walizifunga wao, chesisi waliikwangua wao, na mara ya kwanza kushikana mikono walikuwa wamelala chini ya injini wakitafuta nati iliyoanguka. Nati waliipata. Mikono hawakuiachia.

"Watu huoana kwanza, kisha wakazaa," mama yake Spana alikuwa akisema. "Nyie mmeanza na lichuma."

Alisema akicheka, lakini jibu la posa hakutoa. Wazee wa Seremala walishafika mara moja, wakanywa chai, wakaambiwa mama bado anatafakari. Kina mama wa mtaa ule walimheshimu kama kiongozi wa dini, kwani alikuwa mkunga, na nusu ya watoto wao walipita mikononi mwake. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Sasa wazee walitarajiwa kurudi Jumapili ijayo, na Spana alikuwa akihesabu siku moyoni.

Walikaa mezani watatu. Mama alipakua, akamsogezea Seremala bakuli, na katikati ya mazungumzo ya bei ya misumari akauliza kama mtu anayeuliza chumvi:

"Na jana, baba, ulikuwa wapi na hilo gari? Nilipita karakana kwako sikuliona."

"Nilikwenda mtoni, mama. Kwenye mchanga, kujaribu breki."

"Peke yako?"

"Peke yangu, mama."

Seremala alijibu bila kupepesa macho. Kisha akachukua maji, akanywa bilauri nzima, akajimiminia nyingine. Spana alimwangalia koo likipanda na kushuka. Alimpenda mwanaume yule kiasi kwamba hata namna anavyomeza maji aliijua, na yule hakuwa mtu mwenye kiu.

Baada ya chakula alitoka nje kimyakimya, akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele. Bikizee lilikuwa gari la kizamani. Ukitaka magurudumu yote manne yafanye kazi, lazima kwanza ushuke ugeuze kwa mkono vifungio viwili vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele, ndipo gia itii. Vifungio vile vilikuwa vimefungwa; akavifungua kwa mazoea. Mtu anayejaribu breki kwenye mchanga mkavu hafungi magurudumu ya mbele. Akaingiza kidole juu ya tairi, ndani kabisa ambako brashi haifiki, akatoa udongo. Ulikuwa mfinyanzi mweusi. Mtoni hakuna mfinyanzi mweusi. Ule ulipatikana sehemu moja tu, kwenye bonde lililo nyuma ya machimbo ya mawe.

"Unatafuta nini, mwanangu?" Mama alikuwa amesimama mlangoni, anafuta mikono.

"Naangalia tairi tu."

"Haya." Mama akatazama jipu, akamtazama yeye. "Mwanaume anayependa kutembea peke yake Jumamosi zote, sijui. Mimi simo."

Akaingia ndani. Neno lile likabaki na Spana. Kila Jumamosi yeye alishinda famasia mpaka jioni, na kila Jumamosi gari halikuwepo. Dalili ya mvua ni mawingu.

Katikati ya wiki, fundi wa redieta, mtu asiyejua kufunga mdomo wala mfuniko, alipitia famasia kununua dawa ya kikohozi.

"Shemeji, mnafaidi nyie!" alisema. "Nawaona Jumamosi mnakata mitaa kuelekea machimbo. Siku hizi umeanza kujitanda mpaka machoni, vumbi nini?"

Spana alimhesabia vidonge.

"Vumbi," alisema.

"Ila umekaa umejikunyata kwenye kiti, nikasema huyu anaumwa nini."

"Kunywa kimoja asubuhi, kimoja jioni," Spana alimwambia, akageukia rafu mpaka yule bwana alipoondoka. Kisha akaingia stoo, akakaa juu ya boksi la glovu, akalia kilio kisicho na sauti. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Mwanamke mwingine alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na Seremala alikuwa amekipaka grisi ili mwanamke huyo akae vizuri. Angemkuta naye barabarani wamesimama, angeumia. Lakini kumrekebishia kiti! Mambo hayo hufanyiwa mtu anayetarajiwa kurudi.

Jumamosi ilipofika alijitayarisha kama kawaida, ila koti jeupe la kazini aliliacha msumarini.

"Leo huendi kazini?" Mama aliuliza. Alikuwa ameshika mkoba wake, tayari kwenda kuwaona wazazi wake, kama alivyowaita wanawake aliowazalisha.

"Nimeomba ruhusa. Nina shughuli."

"Shughuli gani?"

"Nitakwambia nikirudi, mama."

Mama aliuweka mkoba chini taratibu. Spana hakuligeuza hilo akilini. Alikuwa ameshafika getini.

Alimkuta Seremala amekwishawasha gari, linanguruma uani kwake. Kumwona Spana, uso wake ulifanya mambo mawili kwa mpigo, ukafurahi na ukaogopa. Kile cha pili ndicho Spana alichokibeba.

"Kulikoni, mpenzi? Kazini je?"

"Leo nataka tutembee. Shuka, naendesha mimi."

"Unataka twende wapi?"

"Unapokwendaga."

Seremala alishuka, akazunguka, akaingia kiti cha abiria. Magoti yake yakapanda mpaka karibu na kidevu. Hakukirudisha kiti nyuma. Spana akaweka gia. Walipofika njia panda ya zahanati aliona jinsi mwenzake anavyonyoosha shingo kutazama kituo, kama mtu aliyeahidiana na mtu, kisha akashusha pumzi alipokuta hakuna anayesubiri.

"Ulimtegemea nani hapo?"

"Hakuna."

"Hakuna ana jina?"

Seremala akatazama mikono yake.

Spana aliendesha vibaya siku ile. Yeye aliyewafundisha wenzake wote kwamba gari kongwe halitaki ugomvi, ubembeleze klachi, usikilize gia kabla hujailazimisha, alilikanyaga Bikizee kama anayemkanyaga nyoka. Wakapita machimbo, wakashuka bondeni. Njia ilikwisha, pakabaki alama za matairi zilizokaukia kwenye mfinyanzi. Alizijua. Matairi yale waliyachagua wote wawili, wakabishana nusu siku kuhusu meno yake.

"Kwa hiyo mtoni kumehamia huku," alisema.

"Naomba twende polepole, mbele pamelowa."

"Unapajua sana, eeh?"

Akavuta gia ya magurudumu manne, akakanyaga mafuta. Bikizee likaenda hatua chache za mtu mzima, likainama nyuma, likaanza kurusha matope huku na huku bila kusogea. Injini ikalia. Kadiri alivyozidi kukanyaga ndivyo lilivyozidi kuzama.

"Hujafunga magurudumu ya mbele," Seremala alisema kwa sauti ndogo.

"Najua."

Hakujua. Alisahau kushuka, kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki moja halifanyi, na angekuwa yeye ndiye abiria angecheka mpaka ashike mbavu. Seremala hakucheka. Alifungua mlango, akashuka kwenye matope mpaka vifundoni, akageuza vifungio vyote viwili, akasimama kando akisubiri aambiwe cha kufanya. Upole wake ndio uliomchoma Spana. Mtu mwenye hatia huwa mpole.

Alishuka naye. Hapo ndipo alipoziona.

Pembeni mwa njia, kwenye mfinyanzi uliokauka wiki nzima bila mvua, kulikuwa na nyayo. Baadhi zilikuwa za buti pana la Seremala, kisigino kimelika upande. Kando yake zilikwenda nyayo za kandambili, ndogo, nyembamba, zenye hatua fupi. Zikaongozana kama watu wanaozungumza. Kisha, pale ambapo matope yalikuwa mengi, zile ndogo zikakoma. Zikaendelea za buti peke yake, na zilikuwa zimezama zaidi.

Spana alisimama juu ya mahali pale, akatazama chini.

"Ulimbeba," alisema.

Seremala akafuta mikono yake kwenye suruali.

"Nakuuliza wewe. Ulimbeba?"

"Nilimbeba. Matope yalikuwa mengi."

"Mgongoni au mikononi?"

"Mgongoni."

"Mimi uliwahi kunibeba?"

"Wewe ungenipiga."

Ilikuwa kweli, na Spana nusura acheke, jambo lililomwongezea hasira. Akamsogelea mpaka akaona vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Ni nani?"

"Siwezi kukwambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Nilitoa ahadi."

"Kwa mwanamke."

"Kwa mwanamke, ndiyo. Lakini si hivyo unavyofikiria."

"Wewe unajua ninavyofikiria? Nakushangaa. Mimi siku hizi hata sijui wewe unafikiria nini, na nimelala na wewe chini ya gari moja miezi na miezi!" Sauti ilimpanda, ndege wakaruka kwenye kichaka. "Ulinitazama machoni mezani kwa mama yangu. Ukasema peke yangu. Mbele ya mama yangu!"

Kwenye maneno hayo ya mwisho Seremala alifumba macho, kama aliyekanyaga msumari.

"Nipe siku moja," alisema. "Kesho wazee wanakuja. Kabla hawajafika nitakuwa nimeomba ruhusa ya kukwambia."

"Ruhusa kwa nani? Kwake?"

"Kwake, ndiyo."

"Yaani mimi, unayetaka kunioa, nitaambiwa ukweli mwanamke mwingine akiridhia."

Spana aliona namna Seremala anavyohangaika, na sehemu fulani ya moyo wake, ile ya kijinga, ilitaka kumpangusa matope shavuni. Akaipuuza. Akaenda nyuma ya gari kutafuta mkanda wa kuvutia, ule mpana ambao huzungushiwa mti ili winchi, ile mashine ya kuvuta kwa waya, ipate pa kushika.

Mkanda ule siku zote ulikaa umeviringwa ovyo ndani ya sanduku, mgumu kwa matope ya safari zote walizowahi kwenda. Alipofungua sanduku alidhani amekosea. Mkanda ulikuwa umefuliwa. Ulinukia sabuni. Ulikunjwa bapa, pembe juu ya pembe, ukakunjwa tena mara tatu, ukakaa pale kama kitu cha kumpelekea mgonjwa.

Aliunyanyua kwa mikono miwili.

"Na huu?"

"Nilimkataza. Nikamwambia hufuliwa kwa maji tu. Akasema uchafu ni uchafu."

Alisema hivyo kwa mapenzi. Spana aliisikia kabisa sauti ile, sauti ya mtu anayemsimulia mtu anayempenda, na kitu ndani yake kikakatika.

"Basi," alisema. "Mwambie anafua vizuri. Na wazee wako waambie kesho wasijisumbue."

"Spana."

"Wasije."

Gari halikujua kwamba wameachana, wala mikono yao haikujua. Mmoja alizungusha mkanda mtini, mwingine tayari amenyoosha waya. Mmoja alikaza winchi, mwingine ameweka mawe chini ya tairi kabla hajaombwa. Bikizee likatoka kwa mvuto wa kwanza. Siku nyingine wangepigana viganja vya furaha. Siku ile waliingia ndani wakafunga milango, na njia nzima kilichozungumza kilikuwa ni bodi ya gari.

Alisimamisha gari mbele ya kwao, akaiacha injini ikinguruma, akashuka bila kuaga. Seremala alihamia upande wa usukani, akazima injini, akabaki ameketi humo.

Mama hakuwa amekwenda kokote. Alikuwa kibarazani, amekaa kwenye benchi, nguo zilizotoka kwenye kamba zimemjaa mapajani. Spana alipanda ngazi akiwa na matope mpaka magotini, machozi yakiwa karibu, akitaka kitu kimoja tu, kuweka kichwa chake kwenye bega la mama yake kama zamani.

Mama alikuwa akikunja shuka. Aliikunja kihospitali, kama alivyokunja shuka maisha yake yote. Pembe juu ya pembe. Kisha mara tatu. Kisha akailaza bapa, akaipiga kofi dogo la kiganja.

Spana alisimama.

Akatazama miguu ya mama yake. Ilikuwa mifupi, haikufika sakafuni vizuri akiwa amekaa kwenye benchi lile. Akatazama ushungi wa mama mabegani. Akatazama kandambili zake mlangoni, zimesuguliwa zikang'aa, hazina hata chembe ya udongo. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na yeye alikuwa amesafiri mpaka bondeni kukitafuta.

"Ni wewe," alisema.

Mama hakuuliza nini. Alichukua shuka nyingine.

"Kakwambia?"

"Hajaniambia kitu. Nimemwacha kwa ajili hiyo. Nimemwacha, mama, huko machimboni, kwa sababu alikataa kukutaja!"

Mikono ya mama ikasita.

"Kaa, mwanangu."

"Sikai."

"Basi simama unisikilize." Mama aliweka shuka pembeni. "Nilimfuata mwenyewe karakana kwake. Nikamwambia nipeleke huko porini, nione mwanangu anapendea nini, ila yeye asijue. Alifurahi, masikini. Alidhani mkwe kaanza kulainika. Akanisogezea kiti. Nilitaka nimwone akikasirika, kwa sababu mtu humjui mpaka ukwame naye kwenye matope. Tumekwama mara ngapi sijui. Sijamsikia akitukana hata gari. Siku nyingine nilijifanya mguu unauma, akanibeba."

"Kwa hiyo umeona ni mtu mzuri."

"Ni mtu mzuri sana," mama alisema. "Baba yako naye alikuwa mtu mzuri."

Katika nyumba ile baba hakutajwa mara nyingi. Alikuwa dereva wa masafa marefu, akija na zawadi, akiondoka na nguo zilizopigwa pasi na mkewe. Siku ya kumzika alikuja mwanamke mwingine na watoto watatu wenye miguu mirefu, wakasimama upande wa pili wa kaburi. Spana alikuwa bado msichana wa shule. Alikumbuka kwamba mama hakulia siku ile wala iliyofuata. Mwenye kovu usidhani kapoa.

"Miaka yote ile," mama aliendelea, "nilikuwa namuuliza, ulilala wapi? Ananijibu huku ananitazama, uso umetulia kama maji ya mtungini. Sikutaka kujua kama huyu wako ni mkali. Wakali nawaweza. Nilitaka kujua jambo moja tu, kama anaweza kukudanganya huku anakutazama machoni. Ndiyo maana nilimuuliza mezani, mbele yako. Peke yako? Peke yangu, mama. Uliuona uso wake?"

"Niliuona."

"Basi anaweza. Na akiweza kwa jambo dogo, ataweza kwa kubwa. Wazee wake wakija kesho, jibu langu ni hapana."

Spana alishika nguzo ya kibaraza. Akauliza kwa sauti ya chini.

"Na angeniambia? Angevunja ahadi yako, ungesemaje?"

Mama akaigusa shuka iliyokuwa pembeni.

"Ungesema hana siri. Ungesema mropokaji hafai kuoa. Hakuwa na pa kutokea, mama. Umemchimbia shimo lenye milango miwili, yote inaingia ndani."

"Labda."

"Na mimi je? Kila Jumamosi ulikuwa unabeba mkoba, unaniambia unakwenda kuwaona wazazi wako. Jioni unanipokea, unanipa chai. Ukasimama mlangoni hapo, ukaniambia mwanaume anayetembea peke yake, wewe humo. Ulikuwemo! Ulikuwa umekaa kiti cha mbele!"

Uso wa mama, uliotulia muda wote huo, ukaanza kuvunjika pembeni mwa mdomo.

"Sikutaka uwe mimi," alisema. "Ni hilo tu. Nililala miaka na mtu nisiyemjua. Sitaki uamke siku moja ujikute mimi."

Spana alitamani kumkumbatia, na alitamani kumpigia kelele. Hakufanya lolote. Aligeuka akateremka ngazi, akaenda mpaka kwenye dirisha la jipu. Seremala alikuwa amekaa na mikono juu ya usukani, ingawa hakuna alikokuwa akienda.

"Nimejua," alimwambia. "Nimemwona akikunja shuka."

Mwanaume yule alilaza kipaji cha uso juu ya usukani, akapumua kama aliyetua gunia.

"Usishukuru bado," Spana alisema. "Nijibu kwanza. Ungeenda kumwomba ruhusa kesho. Angekataa je?"

Seremala aliinua kichwa. Spana aliona kwamba lilikuwepo jibu zuri, lile ambalo mwanaume yeyote anayetaka kusamehewa angelitoa haraka, na aliona mwenzake akiliona pia. Akalipita.

"Nisingekwambia," alisema. "Ningekuacha uniache."

Kwa hiyo mama yake hakukosea. Mtu huyu anaweza kubeba jambo kifuani, akala nalo, akalala nalo, na mwanamke aliye ubavuni mwake asilijue mpaka siku ya kuzikana. Na juu ya hayo yote alimpenda. Hilo ndilo lililomtisha zaidi ya yote, kwamba jibu lile halikumpunguzia mapenzi hata kidogo.

"Shuka," alisema. "Twende."

"Wapi?"

"Kwa mama. Jibu lake atalitoa mbele yako na mbele yangu. Mambo ya pembeni yamekwisha leo."

Walipanda ngazi pamoja, matope yakidondoka vigae kwa vigae nyuma yao. Mama aliwatazama wakija. Kwa mara ya kwanza hakuangalia sakafu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Mama alimkazia macho. "Uliniahidi hutasema."

"Sijasema, mama."

"Najua. Ndiyo maana nakuogopa."

Seremala aliinamisha kichwa. Mtaani mtu alipita akipiga kengele ya baiskeli, akasalimia, hakuna aliyemwitikia.

"Mimi pia namwogopa, mama," Spana alisema. "Na wewe nakuogopa. Huyu nilimshtukia siku ileile, kabla hajamaliza bilauri ya maji. Wewe sikukushuku hata kwenye ndoto. Sasa nakaa na watu wawili wanaojua kunidanganya, na mmoja wao lazima nianze kumwamini leo hii, la sivyo nitazeeka peke yangu. Nimemchagua huyu. Hajui kudanganya vizuri kama wewe."

Mama alimtazama binti yake. Machozi ambayo hayakutoka siku ya kaburi yalimteremka bila yeye kuyafuta, akaacha yafike kidevuni. Kisha akabeba zile shuka, akaziweka chini, akasogea mwisho wa benchi ili wawili wale wapate pa kukaa.